Mafahali Wawili Katika Zizi Moja: Kanda za Nyumbani na Ugomvi wa Kadi na Kodeki

Kanda ya video ni mali ya nyumba, kama ilivyo hati ya shamba au cheti cha shule. Katika nyumba nyingi za askari wa jeshi na wa polisi mjini Jinja, na vivyo hivyo mjini Mbale chini ya Mlima Elgon, zimo kanda zilizopigwa tangu miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000: harusi, kwanjula, mahafali, gwaride la kuhitimu mafunzo, na mazishi ya wazee. Kwa Wamasaba liko tena jambo lililo kubwa kupita hayo, nalo ni imbalu, yaani tohara ya vijana, ambayo hufanywa katika miaka inayogawanyika kwa mbili na kufunguliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto, karibu na Mbale. Kijana husimama mbele ya ngariba mara moja tu maishani mwake. Ngoma ya kadodi iliyompeleka uwanjani mwaka 1998 haitapigwa tena, na mzee aliyesimama ubavuni pake siku ile huenda amekwisha kuzikwa. Sura yake na sauti yake zimebaki katika utepe mwembamba wa sumaku, uliozungushwa ndani ya kasha la plastiki.

Utepe huo una maadui wengi. Kwanza, askari ni mtu wa uhamisho: leo yuko Jinja, mwakani yuko Mbale, na kila anapohama sanduku la kanda hupakiwa juu ya lori pamoja na magodoro na sufuria. Pili, unyevu wa mwambao wa Ziwa Viktoria huotesha kuvu juu ya utepe. Tatu, deki za kuchezea kanda zinatoweka. Mtambo wa VHS, uliotolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, ulienea duniani kote; lakini mwezi wa Julai 2016 kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki hizo, iliacha kazi hiyo. Mwaka 2019 UNESCO, kwa kushirikiana na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, ilitoa tahadhari kwamba muda wa kuokoa kanda za sumaku unakwisha, kwa sababu mashine, vipuri na mafundi vinazidi kuadimika.

Kwa hiyo familia nyingi zimeamua kuzihamishia kanda zao katika kompyuta, au kuzipeleka kwa fundi wa mjini afanye kazi hiyo. Uamuzi huo ni wa busara. Lakini hapo ndipo linapozuka jambo la kusikitisha: kanda iliyovumilia miaka ishirini ya panya, unyevu na uhamisho huharibikiwa siku ile ile ya kuokolewa. Picha hutoka kijani, au hukatikakatika, au sauti huachana na midomo, au faili hukataa kabisa kufunguka. Aghalabu lawama huangukia kanda, ikasemwa kuwa imezeeka, ikatupwa. Kumbe mara nyingi kanda haina kosa. Kosa liko ndani ya kompyuta, ambamo vyombo viwili vinagombania kazi moja.

Kadi na kodeki

Deki ya video hutoa picha kwa njia ya mawimbi ya umeme. Kompyuta haijui mawimbi. Inajua tarakimu tu. Hivyo hapana budi kuwe na mkalimani kati yao, na mkalimani huyo ni kadi ya kunasa picha. Kadi hii ni kifaa kinachoshikika kwa mkono: ama kibao kilichochomekwa ndani ya kompyuta, ama kijisanduku kidogo kinachotiwa katika tundu la USB. Kazi yake ni kupokea mawimbi na kuyageuza kuwa tarakimu.

Tarakimu hizo ni nyingi ajabu. Uganda ilifuata mfumo wa televisheni uitwao PAL, wenye mistari 625 na picha 25 katika kila sekunde. Picha moja ikiingizwa katika kompyuta kwa ukamilifu huwa na nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Zikiachwa bila kubanwa, tarakimu za sekunde moja hufikia megabaiti 20 na zaidi, na saa moja ya harusi hujaza takriban gigabaiti 75. Kompyuta za miaka ya 1990 hazikuwa na ghala la ukubwa huo hata kidogo.

Ndipo ikatungwa kodeki. Hii si kifaa cha kushika bali ni kanuni ya kukunja na kukunjua. Kama vile mama anavyokunja mablanketi ili yaenee sandukuni, ndivyo kodeki inavyokunja picha ili ienee katika diski, na kuikunjua tena inapotazamwa. Kodeki nyingi ni programu, yaani zinafanya kazi kwa nguvu ya ubongo wa kompyuta yenyewe. Lakini baadhi ya kadi huja na kodeki yao ndani ya kadi, iliyojengwa katika chipu, ili kuupunguzia ubongo wa kompyuta mzigo.

Hapo ndipo wahenga wanapokumbukwa: mafahali wawili hawakai zizi moja. Kodeki ya kadi na kodeki ya programu zinapokutana katika kompyuta moja, kila moja hudai kuwa kazi ni yake.

Askari wawili, namba moja

Ugomvi huu una mzizi unaojulikana. Mwaka 1992 kampuni ya Microsoft ilitoa mpango uitwao Video for Windows. Katika mpango huo kila kodeki hutambulishwa kwa alama ya herufi nne. Kodeki ya picha za MJPEG, kwa mfano, huandikwa MJPG. Kompyuta inapotaka kukunja au kukunjua picha, hutazama alama hiyo katika daftari lake, ikaita kodeki iliyoandikwa hapo.

Kila askari anajua maana ya namba yake. Ikiwa askari wawili wameandikwa kwa namba moja katika daftari la kikosi, mshahara wa mmoja utakwenda kwa mwingine, na siku ya mkaguo ataitika asiyetakiwa. Ndivyo ilivyotokea katika kompyuta. Kadi za miaka ya 1990 kama Miro DC10 na DC30 zilikunja picha zenyewe kwa njia ya MJPEG. Mwenye kompyuta alipoongeza baadaye programu nyingine yenye kodeki ya MJPEG, programu hiyo nayo ilijiandikisha kwa herufi zile zile nne. Daftari lina nafasi moja tu kwa alama moja, basi aliyeandikwa mwisho humfuta aliyetangulia. Kuanzia hapo, kompyuta ilipotaka kodeki ya kadi, iliitika ya programu, nayo haikujua lugha ya kadi. Matokeo yake ni kioo cheusi, au kompyuta kuganda katikati ya sherehe.

Mpango uliofuata mwishoni mwa miaka ya 1990, uitwao DirectShow, ulibadili namna ya kuita. Humo kila chombo kimepewa cheo, na mwenye cheo cha juu huitwa kwanza. Utaratibu huu ungekuwa mwema kama vyeo vingetolewa kwa haki. Lakini mtengenezaji wa programu ndiye anayejipangia cheo cha programu yake mwenyewe, na wako waliojivisha vyeo vikubwa kupita kiasi. Programu ya namna hiyo hunyakua hata kazi isiyo yake.

Sababu kubwa iliyoleta balaa hili majumbani ilikuwa sinema. Jinja na Mbale, kama miji mingine ya Uganda, zimezoea sinema za kigeni zilizotafsiriwa kwa sauti na mavijei. Sinema hizo zilipoanza kuzungushwa kwa diski za kompyuta, kila moja ilikuwa imekunjwa kwa namna yake. Vijana wakaona njia rahisi ni kuingiza furushi zima la kodeki, kumi au ishirini kwa mara moja. Sinema zilichezeka barabara. Lakini baba alipoichukua kompyuta ile ile kunasa kanda ya imbalu, kadi haikuitika tena, wala hapana aliyekumbuka kwamba mwezi uliopita daftari la kodeki lilikuwa limevurugwa.

Dalili na sababu zake

Ni vyema mwenye kanda azitambue dalili, ili asiihukumu kanda kabla ya kuichunguza kompyuta.

Picha ikitoka kijani au waridi, au ikiwa juu chini, aghalabu kadi inatoa rangi kwa mpangilio mmoja na kodeki inazisoma kwa mpangilio mwingine. Kanda ni nzima.

Picha ikirukaruka na sauti ikaanza kuachana na midomo kadiri saa zinavyokwenda, ubongo wa kompyuta umezidiwa. Kodeki ya programu inakunja polepole kuliko kadi inavyoleta, na picha zisizowahi kukunjwa hutupwa. Fauka ya hayo, kadi ya picha na kadi ya sauti kila moja ina saa yake, na saa mbili zisipolingana, hotuba ya bwana harusi huishia kusikika kabla hajafumbua kinywa.

Picha ikikosa rangi na kupanda juu kama maji, yamkini programu imepangwa kwa mfumo wa NTSC wa Marekani, wenye mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde, ilhali kanda ni ya PAL. Kinyume chake hutokea kwa kanda zilizoletwa na jamaa walioko Marekani.

Kadi ikikataa kabisa kutambulikana katika kompyuta mpya, huenda programu ya kuiendeshea iliandikwa kwa Windows ya biti 32, na kompyuta mpya ina Windows ya biti 64 ambayo haipokei programu za uendeshaji za namna hiyo. Kadi nyingi za zamani hazikuandikiwa nyingine. Tahadhari ya pekee inahitajika kwa vijisanduku vya USB vinavyouzwa kwa jina la EasyCap: umbo la nje ni moja, lakini chipu za ndani ni za aina mbalimbali, na diski inayofuatana nacho isipokuwa ya chipu iliyomo, hakitafanya kazi.

Dalili ya tano ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa haionekani siku ya kazi. Picha hunaswa vizuri, hutazamwa vizuri, na familia ikaridhika. Kumbe faili imekunjwa kwa kodeki ambayo imo katika kadi ile peke yake. Siku kompyuta ile inapokufa, au familia inapohamishwa na kompyuta ikauzwa, faili hiyo hugeuka kuwa sanduku lisilo na ufunguo.

Hasara isiyorudi

Yote hayo yangekuwa usumbufu tu iwapo kanda zingetunzwa. Kazi iliyoharibika ingerudiwa. Msiba ni kwamba watu wengi huitupa kanda mara wanapokabidhiwa diski. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada yake, kanda nyingi zilihamishiwa katika diski za VCD. Diski hizo zilitumia kodeki ya MPEG-1, na picha yake ina nukta 352 kwa 288 tu, yaani robo ya picha kamili ya PAL. Aliyetupa kanda baada ya kupata VCD alibakiwa na robo ya mali yake bila kujua. Leo kadi nzuri na kodeki bora zipo, lakini robo tatu zilizokatwa haziwezi kurudishwa na chombo chochote.

Hata mataifa makubwa yamepata hasara ya namna hii. Mwaka 2009 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitangaza kuwa kanda za awali zilizorekodi watu wa kwanza kutembea mwezini mwezi wa Julai 1969 huenda zilifutwa ili zitumike upya. Kwa upande wa pili, Uganda imetoa mfano mwema. Mwaka 2015 katika hifadhi ya shirika la utangazaji, UBC, zilipatikana negativu takriban 70,000 za wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za wakati wa utawala wa Idi Amin. Mwaka 2018 ilianza kazi ya kuziingiza katika kompyuta kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Michigan na Western Australia, na mwaka 2019 baadhi yake zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala. Picha hizo ziliweza kufufuka baada ya miongo minne kwa sababu moja tu: hapana aliyezitupa.

Njia iliyo salama

Dawa ya ugomvi huu ni kutenganisha kazi mbili ambazo watu hupenda kuzifanya kwa pamoja. Kunasa ni kazi moja. Kubana ni kazi nyingine. Siku ya kunasa, picha na iingizwe kamili, bila kubanwa au kwa kubanwa kwa kodeki isiyopoteza kitu, kama HuffYUV au FFV1. Kodeki za namna hii ni kama kukunja shati: likikunjuliwa ni lile lile. Saa moja huchukua takriban gigabaiti 30, na diski za siku hizi zinauweza mzigo huo. Kubana kwa ajili ya simu na televisheni kufanywe siku nyingine, bila haraka, kadi ikiwa imechomolewa. Kwa kazi hiyo ya pili, kodeki ya H.264, iliyotoka mwaka 2003, inakubalika karibu kila mahali, na saa moja huweza kuenea katika gigabaiti mbili.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Itengwe kompyuta moja kwa kunasa tu. Isitiwe sinema, michezo wala mafurushi ya kodeki. Kwa kutazamia sinema itumike programu kama VLC, ambayo inabeba kodeki zake ndani yake na haivurugi daftari la Windows.

2. Ikiwa kompyuta imekwisha kuvurugwa, kodeki zisizojulikana ziondolewe kwanza, kisha programu ya kuendeshea kadi iingizwe upya iwe ya mwisho kuandikwa.

3. Mfumo uwekwe kuwa PAL, na jaribio lifanywe kwa dakika tano. Programu kama VirtualDub huonyesha hesabu ya picha zilizotupwa wakati wa kunasa. Hesabu hiyo ikipanda, kazi isimamishwe na sababu itafutwe.

4. Faili ya kwanza ifunguliwe katika kompyuta nyingine isiyo na kadi. Isipofunguka huko, kazi haijafanyika.

5. Nakala ziwe mbili au zaidi, nazo zisikae nyumba moja. Moja ibaki kambini, nyingine iende kwa jamaa wa nyumbani.

6. Kila kanda na kila faili iandikwe jina, mahali na mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa wanaopeleka kanda kwa fundi, yatosha kumwuliza mambo matatu kabla ya kumlipa: ananasa kwa kodeki gani, je, atatoa faili kamili pamoja na ile iliyobanwa, na je, kanda yenyewe itarudishwa. Fundi mwema hatachukizwa na maswali hayo.

Kutunza kanda yenyewe

Kanda na isimamishwe wima kama kitabu, mahali pakavu, mbali na jiko na vipaza sauti, kwa maana ndani ya vipaza sauti mna sumaku. Ule ulimi mdogo wa plastiki mgongoni mwa kasha uvunjwe, ili mtoto asije akarekodi juu ya arusi ya wazazi wake. Kanda yenye kuvu, ambayo huonekana kama unga mweupe dirishani pa kasha, isitiwe kabisa katika deki, kwa kuwa itachafua vichwa vya mashine na kuambukiza kanda nyingine.

Wakazi wa Mbale wana sababu ya ziada ya kujihadhari. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu na kuingia majumbani. Kanda iliyoloa isianikwe juani wala karibu na moto, na isichezwe ikiwa mbichi. Isafishwe tope kwa maji baridi yaliyo safi, ikaushwe polepole kivulini, kisha apewe fundi mwenye ujuzi.

Na baada ya yote, hata faili ikifunguka katika kompyuta tatu, kanda irudishwe sandukuni. Wazee walikataza kutupa mbachao kwa msala upitao. Kadi zitapita, kodeki zitapita, na Windows ya leo itakuwa ya zamani kesho. Lakini maadamu utepe ungali mzima, familia inayo nafasi ya kuanza upya.